Nta ndani ya ukuta: baridi ya usiku itunzwe hadi mchana

Ndugu msikilizaji, chukua chupa ya mafuta ya nazi, yale halisi yasiyochanganywa na kitu, uiweke juu ya kabati la chumbani. Mwezi wa Julai, kusi inapovuma, ukiamka alfajiri Dar es Salaam au Tanga utayakuta mafuta yameganda, meupe kama samli. Itakubidi uitie chupa kwenye maji ya moto kabla ya kujipaka. Ikifika saa saba mchana yameyeyuka yenyewe, wala hakuna aliyeyagusa. Februari, chupa ile ile na kabati lile lile, mafuta ni maji maji usiku na mchana.

Jambo hili kila mama wa pwani analijua, na hakuna anayelistaajabia. Lakini ndani ya chupa hiyo limo somo ambalo wahandisi wa majengo huko Marekani na Ulaya wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 70 sasa, na somo lenyewe linahusu fedha tunazolipa kila mwezi kwa ajili ya umeme.

Nimelikumbuka baada ya kupata barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Dodoma. Anajenga nyumba, amefika kwenye lenta, na kijana wake aliye chuoni amemwambia kuwa siku hizi ziko kuta na bodi za dari zilizotiwa nta ndani yake, ambazo hunyonya joto la mchana hata mtu asihitaji kiyoyozi. Anauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, je, azisubiri bodi hizo au anunue viyoyozi viwili kama alivyokusudia? Jibu fupi ni kwamba ni kweli, na kwamba yeye wa Dodoma ana bahati kuliko mimi wa Dar es Salaam. Jibu refu ndilo mazungumzo ya juma hili.

Tuanze na barafu. Tia barafu iliyopondwa kwenye sufuria, iweke juu ya moto mdogo, na uchovye kipimajoto ndani yake huku ukikoroga. Moto unawaka, joto linaingia, lakini kipimajoto kitabaki pale pale kwenye nyuzi joto 0 za Sentigredi hadi kipande cha mwisho cha barafu kiyeyuke. Hapo ndipo kitaanza kupanda. Sasa lile joto lote lililoingia kabla ya hapo lilikwenda wapi? Mtu aliyelishughulikia swali hili kwa vipimo alikuwa Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu huko Glasgow, Uskochi, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alionyesha kwamba joto hilo halipotei. Linatumika kuifungua barafu iwe maji, na kwa kuwa kipimajoto hakilioni, likaitwa joto fiche. Siku maji yale yatakapoganda tena, yatalitoa joto lile lile, bila kupungua.

Na si joto dogo. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapasha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80, yaani maji usiyoweza kuyatia mkono. Ndiyo maana muuza samaki wa Feri anaweza kushinda na sanduku moja la barafu tangu asubuhi, wakati ndoo ya maji baridi, uzito ule ule, isingemfikisha hata saa nne.

Hapa niseme jambo ambalo wengi tumelibeba midomoni bila kulijua. Ukienda Kariakoo kununua kiyoyozi, muuzaji atakuuliza unataka cha elfu tisa, cha elfu kumi na mbili au cha elfu kumi na nane. Hiyo elfu kumi na mbili inatokana na barafu. Kabla ya mashine za baridi kuenea, Wamarekani walipooza vyakula na hata majumba kwa barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa kipupwe. Mashine zilipokuja, watu walitaka kujua kila moja ina nguvu ya barafu kiasi gani. Wakakubaliana kuwa kipimo kiwe tani moja ya Kimarekani, ratili 2,000, inayoyeyuka kwa muda wa saa 24. Ukipiga hesabu ya joto linalomezwa na barafu hiyo kwa kila saa, kwa vipimo vyao vya BTU, unapata 12,000. Kwa hiyo kiyoyozi cha elfu kumi na mbili, kikienda kwa nguvu zake zote usiku na mchana, kinafanya kazi ya tani moja ya barafu kila siku.

Turudi kwenye ukuta. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0, na hakuna mtu anayetaka kulala kwenye nyuzi 0. Lakini viko vitu vingine vinavyoyeyuka kwenye joto ambalo mwanadamu analipenda, baina ya nyuzi 22 na 28. Mafuta ya nazi ni mojawapo, yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 24. Ziko nta za jamii ya ile ya mishumaa, zilizochujwa ili ziyeyuke kwenye nyuzi 25 au 28 kama mnunuzi atakavyo. Ziko pia chumvi zilizoshikana na maji. Vitu vya namna hii ukivitia ndani ya ukuta au dari, chumba kikianza kupata joto vinaanza kuyeyuka, na wakati vinayeyuka vinameza joto bila vyenyewe kupanda. Ukuta unabaki kwenye nyuzi 25 huku jua likiendelea kuchoma nje. Nta ikiisha kuyeyuka yote, mchezo umekwisha, na chumba kinapanda joto kama chumba kingine chochote.

Nta yenyewe haimwagwi ukutani ikachuruzika sakafuni. Njia inayotumika sana ni kuifunga ndani ya vidonge vidogo vya plastiki, vidogo kuliko chembe ya unga, kisha vidonge hivyo vinachanganywa kwenye plasta au kwenye bodi za jipsamu. Wengine huitia kwenye mifuko iliyozibwa na kuilaza juu ya dari. Kwa macho huwezi kuutofautisha ukuta huo na ukuta wa kawaida.

Faida yake inaonekana ukiilinganisha na zege. Zege nalo hutunza joto, ila linatunza kwa kupanda joto lenyewe. Nimefanya hesabu hii kwa kalamu, na msikilizaji aliyepita darasa la fizikia anaweza kuirudia. Kilo moja ya nta nzuri inameza kiasi cha kilojuli 200 inapoyeyuka, na kilo moja ya zege inameza kama kilojuli 0.9 kwa kila uzi mmoja wa joto. Ukiuruhusu ukuta upande kwa nyuzi 5 tu, basi tabaka la nta lenye unene wa sentimeta 1 linabeba joto sawa na zege la sentimeta 16. Kwa mtu anayejenga ghorofa, au anayeishi kwenye nyumba ya mbao na mabati isiyo na kitu kizito cha kutunza chochote, hilo si jambo la kupuuza.

Sasa nikupeleke kwenye mji mdogo wa Dover, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1948. Huko baridi ya kipupwe inagandisha mito, na kila nyumba ina tanuri la kuchoma mafuta au makaa. Mwaka huo ilijengwa nyumba isiyo na tanuri. Mwanasayansi aliyebuni mfumo wake alikuwa Maria Telkes, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, aliyekuwa akifanya utafiti wa nishati ya jua katika chuo cha MIT. Michoro ilichorwa na msanifu majengo Eleanor Raymond, na fedha zilitolewa na mchongaji sanamu tajiri aliyeitwa Amelia Peabody. Wote watatu wanawake, na tusisahau kwamba ilikuwa mwaka 1948.

Ghorofa ya juu, upande wa kusini, ilikuwa ukuta mzima wa vioo na mabati meusi nyuma yake. Jua lilipasha hewa iliyokuwa katikati, na feni ziliisukuma hewa hiyo hadi kwenye vijumba vilivyopangwa katikati ya nyumba, vilivyojaa mapipa ya chumvi, tani zipatazo 20 kwa jumla. Chumvi hiyo ni sodiamu salfeti iliyoshikana na maji, ambayo wakemia huiita chumvi ya Glauber. Inayeyuka kwenye nyuzi 32, na kwa kila kilo inameza joto jingi hata kuliko nta. Mchana iliyeyuka, na usiku iliganda na kulitoa lile joto lote kwenye vyumba vya kulala. Jamaa wa Bi. Telkes walihamia humo na familia yao, na magazeti ya huko yakaiandika nyumba hiyo kama muujiza.

Vipupwe viwili vya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Cha tatu nyumba ilianza kuwa baridi. Chumvi ya aina hii ina kasoro: ikiyeyuka, sehemu yake haibaki ndani ya maji bali inatuama chini kama machicha. Ikianza kuganda, yale machicha ya chini hayakutani tena na maji yote ya juu, kwa hiyo kila mzunguko unaacha sehemu fulani isiyoganda, na kila mwezi akiba inapungua. Zaidi ya hapo chumvi ilikuwa ikiyala mapipa, na nyakati nyingine iligoma kuganda hata baridi ilipofika. Baada ya miaka michache mfumo uling'olewa, ikawekwa njia ya kawaida ya kupasha nyumba joto.

Bi. Telkes hakuacha. Mwaka 1952 alichapisha kazi iliyoonyesha kuwa kutia boraksi kidogo kwenye chumvi hiyo kunaipa mahali pa kuanzia kuganda. Mwaka 1973 alishiriki kwenye nyumba nyingine ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Delaware, iliyotumia jua kwa umeme na kwa joto pia. Alifariki mwaka 1995, akiwa Budapest alikozaliwa. Nimeieleza habari ya Dover kwa urefu kwa sababu kila mfanyabiashara anayekuja na bidhaa ya aina hii leo hana budi kujibu swali lile lililoishinda chumvi yake: je, baada ya kuyeyuka na kuganda mara elfu kadhaa, itakuwa bado inameza joto lile lile? Siku moja ni mzunguko mmoja. Miaka 10 ni mizunguko 3,650. Nta inalijibu swali hili vizuri kuliko chumvi, maana haitengani. Ila nta inawaka moto, na bodi ya jipsamu iliyotiwa nta haizuii moto kama bodi ya jipsamu tupu. Mtu mwenye nyaya za umeme zilizopita darini kiholela, na tuko wengi, hilo lazima alifikirie.

Sasa nifike kwetu, na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu kwa msikilizaji wa Dodoma. Nta haitengenezi baridi. Inachofanya ni kulishika joto la mchana ili litolewe usiku. Ili kesho iweze kumeza tena, lazima usiku iwe imeganda, na haitaganda isipokuwa hewa ya usiku iwe na baridi kuliko kiwango chake cha kuyeyukia. Chupa ya mafuta ya nazi ya Februari haina kazi kwa sababu hiyo hiyo. Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari mchana hufika nyuzi 32 na usiku hushuka hadi 25 tu, na ndani ya nyumba yenye kuta zilizochomwa na jua kutwa nzima haishuki hata hapo. Ukuta wa nta ya nyuzi 24 utayeyuka Desemba na kubaki umeyeyuka hadi masika yaanze. Hali kadhalika Mombasa na Zanzibar. Utakuwa umenunua plasta ya bei kubwa.

Nairobi ni kinyume chake. Mwezi wa Julai ukuta ule ule utaganda asubuhi na kubaki umeganda hadi jioni, maana joto halifiki. Dodoma ndipo penyewe. Oktoba na Novemba mchana unafika nyuzi 30 na kupita, lakini usiku, kwa kuwa ni nyanda kavu na mawingu ni haba, joto linashuka chini ya nyuzi 20. Tofauti ya nyuzi 10 na zaidi kati ya mchana na usiku ndiyo chakula cha ukuta wa namna hii. Singida na Shinyanga hawako mbali na hali hiyo.

Kwa msikilizaji anayetaka kujua chumba chake kiko upande gani, lipo jaribio lisilo na gharama. Iweke ile chupa ya mafuta ya nazi kwenye rafu ya chumba hicho, mbali na dirisha, uiangalie alfajiri na saa tisa alasiri kwa muda wa wiki mbili za kipindi cha joto. Yakiganda na kuyeyuka kila siku, chumba chako kinafaa. Yakibaki maji muda wote, usimsikilize muuzaji. Mafuta yawe ya nazi tupu, kwani yale ya nywele yenye manukato huchanganywa na mafuta mengine na hayaaminiki kwa kazi hii.

Hata Dodoma kwenyewe kuna sharti, nalo linahusu madirisha. Nta ikiganda inatoa joto, na inalitoa ndani ya chumba ulimolala. Usipoifungulia hewa ya usiku iingie na kulichukua joto hilo, utalala na joto la jana, na asubuhi nta itakuwa haijaganda. Wengi wetu tunafunga madirisha magharibi ikiingia, kwa kuogopa mbu na wezi, na hatuna kosa. Kwa hiyo anayejenga afikirie tangu sasa matundu ya juu yenye nyavu na nondo, upande huu na upande ule wa chumba, ili upepo upite usiku kucha bila mtu kupita. Mchana yafungwe. Matundu hayo peke yake, bila nta yoyote, yatampa nafuu ambayo ataiona wiki ya kwanza.

Na nafuu ya nta ni kiasi gani? Tupige hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 4. Dari yake ni mita za mraba 16. Tuseme umeitandaza nta tupu yenye unene wa sentimeta 1 dari nzima. Ni kama kilo 136. Ikiyeyuka yote inameza joto ambalo kiyoyozi cha elfu kumi na mbili kingeliondoa kwa saa 2 na dakika chache, kikiwa kinakwenda kwa nguvu zote. Kwa umeme, ni kama uniti 2 na nusu za Luku kwa siku. Bei ya uniti unaijua mwenyewe. Tena hiyo ni nta tupu. Bodi unayouziwa dukani sehemu yake kubwa ni jipsamu, kwa hiyo faida ni pungufu ya hapo. Kiyoyozi cha saa 8 za mchana, kama kingeendeshwa kwa nguvu zote, kingehitaji nusu tani ya nta kukiziba nafasi yake. Namwambia msikilizaji wangu asitarajie nta iondoe viyoyozi vyote viwili. Kinachoweza kutokea ni chumba kupungua joto kwa nyuzi chache katika saa zile mbaya za alasiri, na kiyoyozi, kama ataamua kukiweka, kuwa kidogo na kuchelewa kuwashwa.

Lakini nta hiyo hiyo itakuwa kazi bure kama juu yake kuna bati tupu. Bati lililopigwa na jua la saa saba linaweza kupita nyuzi 60. Joto hilo likishuka moja kwa moja kwenye dari, nta itakuwa imekwisha kuyeyuka kabla ya saa nne asubuhi, na alasiri haina la kukusaidia. Kwa hiyo kabla ya nta kuna kazi nyingine, na kwa bahati nzuri ni za bei nafuu: bati lipakwe rangi nyeupe au linunuliwe likiwa na rangi ya kung'aa, kati ya bati na dari kuwe na nafasi ya hewa kupita na tabaka la kuzuia joto, kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, maana jua letu linapiga zaidi mashariki na magharibi, na paa litokeze nje vya kutosha kufunika madirisha kwa kivuli. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi nao unafanya kazi bila fundi. Msikilizaji wetu amefika kwenye lenta, kwa hiyo kuigeuza nyumba hawezi, ila paa bado liko mikononi mwake. Ushauri wangu ni kwamba fedha za kiyoyozi cha pili aziweke kwenye paa.

Nisiwasahau wa Njombe na Makete. Wao kilio chao ni kama cha Dover. Juni na Julai usiku unashuka hata chini ya nyuzi 10, na watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na kila mwaka tunatangaza habari za watu waliolala wasiamke. Jua la mchana lipo huko wakati wa kipupwe. Dirisha kubwa la kioo upande wa kaskazini, ambako jua linakuwa miezi hiyo, na sakafu au ukuta mzito wa kulipokea, ni akiba ya joto ambayo haihitaji nta wala chumvi. Nta ya nyuzi 20 ingeongeza akiba hiyo kwenye nyumba nyepesi. Jiko la mkaa libaki nje.

Na sisi wa pwani je, tumenyimwa kabisa? Wazee waliojenga Lamu na Mji Mkongwe waliweka kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro vyembamba ambavyo jua halifiki chini ila saa sita. Kuta zile ni akiba ya namna ya zege, lakini kwa kuwa usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha, mimi naona sehemu kubwa ya unafuu wake ni kivuli na upepo. Hilo bado linawezekana kwa yeyote anayejenga leo, ingawa vioo vya mbele ya maghorofa yetu mapya ya Dar es Salaam vinaonyesha kuwa tumeamua vingine.

Kitu kinachowezekana pwani ni kile tulichoanza nacho, barafu. Kwa kuwa usiku wetu hauna baridi, baridi inatengenezwa kwa mashine, ila inatengenezwa usiku. Mashine inagandisha maji kwenye matangi wakati umeme hauna watumiaji wengi na hewa ya nje imepoa kidogo, na mchana barafu inayeyuka ikilipooza jengo huku mashine zikipumzika. Jengo la Bank of America Tower mjini New York lilijengwa na matangi 44 ya namna hiyo. Friji nyingi za chanjo zinazotumia jua bila betri hufanya vivyo hivyo, zinagandisha wakati jua lipo, na Shirika la Afya Duniani linataka ziweze kushika baridi kwa siku 3 zisizo na jua. Mganga wa zahanati ya kijijini, kwa maneno mengine, anaijua teknolojia hii kuliko wenye maghorofa.

Kwa hoteli kubwa, chumba cha baridi cha samaki au jengo la ofisi, barafu ya usiku ina maana pale tu bei ya umeme wa usiku inapokuwa chini. Kenya ilianzisha bei ya namna hiyo Desemba 2017, kwa wateja wa viwanda na biashara. Mteja wa nyumbani wa Luku analipa uniti ya saa nane usiku sawa na ya saa nane mchana, kwa hiyo hata akigandisha tangi zima hapati nafuu ya senti. Mgao wa umeme ukija, kama tulivyoupata mwaka 2006, 2011 na 2022, kinachobana ni saa zile ambazo watu wote wamewasha kwa pamoja. Wanaopanga bei za umeme wana jambo la kuzungumza hapa na wenye hoteli na viwanda vya samaki, na ningependa kulisikia likizungumzwa kabla ya mgao mwingine.